Nani Mwenye Nafasi? Mjadala wa Marafiki wa Manila

Hoja iliyo mezani ni hii: Mfilipino akishafunga ndoa, marafiki zake ambao hawajafunga wanabaki marafiki, au wanageuka jamaa wa kualikwa kwenye sherehe tu? Nimewakalisha wasemaji wanne waijibu. Si watu halisi. Nimewaunda kutokana na maisha ambayo Manila na viunga vyake huyaona kila siku, nikawapa majina ya kazi zao. Mwalimu ameolewa, ana watoto wawili, anaishi Cavite, kusini mwa jiji. Mpokea Simu hajaolewa, amevuka miaka thelathini na mitano, na anafanya zamu ya usiku katika kituo cha simu Quezon City. Wawili hao walisoma pamoja tangu sekondari. Baharia ana mke na mtoto, na sasa yuko nchi kavu akingoja mkataba mwingine. Fundi Viatu ndiye mkubwa wao, mwenyeji wa Marikina, mji unaojulikana kwa viatu. Ametengana na mumewe zamani, na wote humwita Ate, kama dada mkubwa anavyoitwa kule. Mimi ni mwenyekiti, na sitajifanya sina upande.

Mpokea Simu: Nianze na harusi, maana hapo ndipo njia zinapogawanyika. Kwetu rafiki hakai kitini kupiga makofi tu. Wapo wanaowasha mishumaa, wapo wanaobandika shela juu ya maharusi wote wawili, na wapo wanaowavika kamba yenye umbo la nane, mduara mmoja kwa bwana, mwingine kwa bibi. Kazi hizo hupewa marafiki, na wengi wao bado hawajaoa wala kuolewa. Mimi nilipewa kamba. Nilikuvika mwenyewe, Mwalimu, nikarudi kwenye benchi. Mwaka haukuisha, ukahamia Cavite, na barkada yetu, kundi letu lile la tangu shule, ikaanza kukutaja kama mtu aliyehama nchi.

Mwalimu: Nyumba tuliyoweza kuilipia ilikuwa Cavite. Jioni ya Ijumaa, kutoka Quezon City hadi kwangu ni masaa matatu barabarani, na mvua ikinyesha usiulize. Msiibebeshe ndoa lawama ya foleni. Na urafiki wetu haukuishia kwenye benchi. Mwanangu wa kwanza alipobatizwa, nani alimshika? Wewe. Tangu siku hiyo wewe ni kumare wangu. Mama mkwe anakuhesabu kwenye sahani za mkesha wa Krismasi. Ni wapi kwingine ambako rafiki asiye na mume anapewa cheo ndani ya nyumba ya rafiki yake?

Hoja hii ni nzito, na ni lazima ipewe haki yake. Wahispania, waliovitawala visiwa hivyo kuanzia karne ya 16 hadi mwaka 1898, waliacha huko desturi ambayo Wafilipino waliikuza wakaifanya yao. Anayemsimamia mtoto wakati wa ubatizo hafungamani na mtoto peke yake. Anafungamana pia na wazazi, nao huitana kumpare na kumare, au kwa mkato pare na mare, maisha yao yote. Mtoto mmoja kuwa na wasimamizi kumi au zaidi si jambo la kushangaza. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajazaa anaweza kuwa na ukoo mpana wa watoto waliomjia kupitia marafiki. Mahali pengine rafiki asiyeolewa hupotea polepole bila hata kuagwa. Ufilipino anapewa jina, kiti na wajibu.

Mpokea Simu: Wajibu, hapo hapo usipite haraka, mwenyekiti. Nina watoto wa ubatizo zaidi ya kumi. Desemba ikifika wanakuja mmoja mmoja, wananishika mkono na kuuweka kwenye paji la uso kwa heshima, nami natoa bahasha. Nawapenda, na bahasha natoa kwa moyo. Lakini tazama pesa inavyotembea. Mwalimu anampa mtoto wa Baharia, mke wa Baharia anampa mtoto wa Mwalimu. Mwisho wa Desemba kila nyumba imetoa na imepokea. Kwangu zinatoka tu. Hakuna mtoto wa kurudishiwa, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ninaweza kurudishiwa kwa njia nyingine. Halafu mwezi wa kwanza nasikia, "Mare, wewe huna majukumu, huwezi kutukopesha kidogo?"

Baharia: Hili la majukumu hata sisi wanaume tunalijua. Watu wanadhani baharia mseja ana pesa za kuchezea. Mkataba wetu wa kawaida unataka angalau asilimia 80 ya mshahara wa msingi itumwe nyumbani kila mwezi. Nilipokuwa sijaoa, ilikwenda kwa mama. Nilipooa, likabadilika jina la mpokeaji, basi. Tofauti ilikuja kwa wenzangu. Sisi tunakunywa kwa glasi moja: mmoja anamimina, glasi inazunguka, kila mtu na zamu yake, na wakati glasi iko mkononi mwa mwenzako humharakishi, unamsikiliza. Nilijifunza kuzungumza kwenye ile duara kuliko mahali pengine popote. Nilipooa nikawa naondoka glasi ikiwa bado inazunguka. Wakaanza kunitania kwamba nimekaa chini ya sketi ya mke. Utani wa kwanza unacheka. Ukirudiwa mara nyingi unakuwa hukumu, na mtu anaacha kwenda.

Mwalimu: Na mkeo? Alikuwa anakunywa na nani wakati wewe uko baharini?

Baharia: Hilo sijawahi kumuuliza.

Mwalimu: Basi nimsemee. Mume wangu yuko Qatar. Tunaonana kwenye skrini usiku, watoto wakishalala, yeye akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Mabomba yakipasuka naita fundi peke yangu. Mkutano wa wazazi naenda peke yangu. Mtoto akipata homa ya usiku, niko peke yangu. Kisha nikagundua kwamba mare wangu na wenzake wana kundi jingine la ujumbe kwenye simu, ambalo mimi simo. Kundi la zamani lipo, la kutumiana heri za sikukuu na picha za watoto. Lile la kweli, la kusema "nimechoka, tukutane wapi", nilitolewa kimyakimya. Mlisema hamkutaka kunisumbua. Mare, hakuna aliyeniuliza kama nataka kusumbuliwa.

Mpokea Simu: Tuliona aibu. Mara tatu tulikualika, mara tatu ukasema mtoto. Ya nne tukaona tukikualika tena tutakulazimisha kutafuta sababu nyingine.

Mwalimu: Nilikuwa na mtoto. Haikuwa sababu.

Nilisema nina upande, na upande wangu ni wa Mpokea Simu, lakini hapa Mwalimu amemshinda. Aibu hii, ambayo Wafilipino huiita hiya, ni ya mtu asiyetaka kumweka mwenzake mahali pa kukataa. Ni adabu nzuri mezani. Katika urafiki wa miaka ishirini inaweza kuua, kwa sababu kila upande unamlinda mwenzake kwa kukaa mbali naye, na hakuna anayegombana, kwa hiyo hakuna pa kupatanishwa.

Tena Mwalimu ametaja jambo linalovuruga mgawanyo wetu mzima wa "wenye ndoa" na "wasio na ndoa". Tangu serikali ya Rais Marcos ilipoupanga uhamiaji wa kazi kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 1974, mamilioni ya Wafilipino wameishi mbali na wenzi wao kwa miaka. Nchi imejaa watu walioolewa makaratasini na wanaoishi kama waseja. Msomaji wa Mombasa, Kampala au Tanga mwenye ndugu Doha au Dubai anaijua hali hii kwa karibu: katika vyumba vya wanawake wafanyakazi wa Ghuba, Mfilipino mwenye mume na Mkenya asiye na mume wanalala vitanda viwili vilivyopandana, na wanategemeana kwa kila kitu. Umbali umewafanya sawa. Wakirudi makwao, mmoja anarudi kwenye meza ya wenye ndoa na mwingine kwenye meza ya wasichana.

Fundi Viatu: Mimi sina meza. Mnabishana nyinyi wawili kana kwamba pande ni mbili tu. Mume wangu aliondoka, akaanza maisha na mwanamke mwingine mkoani Bulacan. Nchi yetu haina talaka, isipokuwa kwa Waislamu, ambao wana sheria yao tangu amri ya mwaka 1977. Sisi wengine tunaambiwa twende mahakamani kuthibitisha kwamba ndoa tangu mwanzo haikuwa ndoa. Ibara ya 36 ya Kanuni ya Familia ya 1987 inadai ionekane kwamba mmoja wenu hakuwa na uwezo wa kisaikolojia wa kutimiza wajibu wa ndoa. Mwanasheria, ushahidi, miaka ya kungoja. Mshahara wa karakana ya viatu hauwezi. Mei 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa talaka, tukashangilia karakana nzima, Seneti haikuupitisha. Kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni mke wa mtu.

Sasa sikilizeni urafiki ulivyokuwa. Tulikuwa na kikundi cha wenye ndoa parokiani, tunakutana nyumba kwa nyumba. Alipoondoka, nilikwenda mkutano mmoja peke yangu. Hakuna aliyenifukuza. Lakini maswali yote ya jioni ile yalikuwa "wewe na mwenzako", na mimi nilikuwa natazama sahani. Wanawake niliowapikia walipojifungua walianza kuwa na shughuli. Baadaye mmoja, mwenye moyo mzuri kuliko wote, akaniambia ukweli: waume zao walikuwa na maswali, na wao wenyewe walikuwa na wasiwasi. Nikaenda kwa wasioolewa, nikakuta wanazungumzia wachumba. Wakaniheshimu kama shangazi. Nilitaka rafiki, nikapewa heshima.

Nataka msomaji akae hapo kidogo kabla hatujaendelea, kwa sababu utaratibu wa makundi haya haukuzuka kwa bahati. Vuguvugu kubwa la Kikatoliki la Couples for Christ, lililoanzia Manila mwaka 1981, lina matawi ya watoto, ya vijana, ya waseja, ya wenye ndoa, na jingine la wanawake watu wazima wanaokuja bila mume. Nia yake ni njema, na wengi wamepata faraja humo: kila mtu awe na wenzake wanaoyajua mambo yake. Lakini jamii ikizoea kuwapanga watu wazima kwa hali ya ndoa, hata pale ambapo hakuna orodha watu watajipanga wenyewe. Kwenye karamu ya kuzaliwa mtoto mkoani Laguna, hakuna anayewaelekeza wageni pa kukaa, na bado wenye watoto watakuwa upande mmoja na wasio nao upande wa pili, karibu na mashine ya videoke, ya kuimbia nyimbo.

Baharia: Ate amegusa suala la waume kuwa na maswali. Tuseme wazi. Nilikuwa na rafiki wa kike tangu chuo cha ubaharia, na hatukuwahi kuwa wachumba. Nilipooa tukaachana na mazoea bila neno. Nilidhani ndiyo utu uzima.

Mwalimu: Wewe ulipoteza rafiki. Mimi ningepoteza jina. Chukua Kanuni ya Adhabu, ile ya mwaka 1930 ambayo bado inatumika. Mke akilala na mwanamume mwingine mara moja tu, ni uzinzi, ni jinai. Mume hashtakiwi kwa mara moja. Mpaka awe amemweka mwanamke kwenye nyumba ya ndoa, au amelala naye kwa namna ya kuleta kashfa, au anaishi naye mahali pengine. Sheria hiyo haimfungi mtu kwa kunywa kahawa, najua. Lakini inawafundisha majirani wamtazame nani. Mwalimu mwenzangu wa kiume alikuwa ananisindikiza hadi kwenye jeepney, gari letu la abiria. Mume akiwa Qatar, nilimwomba aache. Mpokea Simu anaweza kukaa na wanaume wanne mpaka saa mbili asubuhi.

Mpokea Simu: Asubuhi kweli, maana zamu yetu inaisha alfajiri. Wateja wako Marekani, kwao ni mchana. Tukitoka, jua linachomoza na sisi ndio tunakula chakula cha jioni. Watu wanatushangaa kuagiza bia saa moja asubuhi. Urafiki wa kituo cha simu umejengwa hivyo: tumepewa usiku mmoja, basi tunakuwa pamoja. Na ndiyo, kuna uhuru, sikatai. Ila usidhani nakaa mpaka saa mbili kila siku. Mara tatu kwa wiki natoka zamu naenda moja kwa moja hospitali. Mama anasafishwa damu.

Mwalimu: Tangu lini?

Mpokea Simu: Tangu mwaka jana. Bima ya afya ya taifa inalipia vipindi 156 kwa mwaka tangu 2023, tatu kila wiki, na tunashukuru. Lakini bima haikai kwenye kiti. Kila mgonjwa kwetu anatakiwa awe na mtu wa kumuuguza. Tuko ndugu wanne. Watatu wana ndoa. Hatukufanya kikao kuamua nani atakaa na mama. Kila mtu alinitazama mimi. Kaka alisema, "Wewe una nafasi." Nimefanya kazi usiku kucha, nakaa masaa manne kwenye kiti cha plastiki, na mimi ndiye mwenye nafasi.

Mwalimu: Kwa nini hukuniambia?

Mpokea Simu: Nilikuandikia kwenye lile kundi la zamani. Siku hiyo kulikuwa na picha za mahafali ya chekechea.

Virgilio Enriquez, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ufilipino aliyeanzisha katika miaka ya 1970 saikolojia iliyosimama juu ya fikra za Wafilipino wenyewe, aliupanga uhusiano wa watu katika ngazi, kutoka adabu ya juujuu mpaka pale ambapo watu wawili wanakuwa kitu kimoja. Katikati aliweka ile hali ya kufuatana na wenzako ili pasiwe na msuguano, ambayo wasomi waliomtangulia walikuwa wakiitaja kama sifa kuu ya Mfilipino. Yeye alikataa kuiweka juu. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani marafiki hawa wawili waliishi miaka kumi katika ngazi hiyo ya katikati. Ubatizo walihudhuria, bahasha zilitolewa, heri za sikukuu zilitumwa. Msuguano haukuwapo. Na mama wa mmoja alikuwa anasafishwa damu mwaka mzima bila mwenzake kujua.

Fundi Viatu: Niongeze la sheria, maana nimelifikiria sana. Kwa Sheria ya Kiraia iliyoanza kutumika mwaka 1950, nikifa leo, mume aliyeniacha bado ni mrithi wangu wa lazima. Mwanamke niliyeketi naye karakanani, aliyenikopesha kodi na kunipeleka hospitali, hana kitu nisipoandika wosia, na hata wosia una mipaka. Mseja vilevile: wazazi kwanza, kisha ndugu. Rafiki hayumo kabisa. Ninyi mnagombana kuhusu kualikwa. Mimi nasema watu wanamwona rafiki kama mtu wa muda kwa sababu hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ni wa kudumu, isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo cha mtoto wa mwingine.

Baharia: Lakini Ate, urafiki si wa kuandikwa. Ukianza kuhesabu, umeshakwisha. Nani alitoa bahasha ngapi, nani alikaa hospitali mara ngapi.

Fundi Viatu: Karakanani kwetu tuna mchezo wa pesa. Kila mtu anatoa kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba zote. Haulizwi kama ana mume, ameachwa au hajaolewa. Anaulizwa kama zamu yake imefika. Hatujagombana, kwa sababu tunahesabu. Mpokea Simu amebeba zamu za wenzake miaka kumi, ubatizo kwa ubatizo. Yake haijawahi kupangwa.

Mimi naafikiana na Ate, na ningependa Baharia atafakari ni nani, katika urafiki wowote anaoujua, huwa anasema tusihesabu. Mara nyingi ni yule ambaye matukio yake yana kadi ya mwaliko: ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, mahafali. Maisha ya mseja nayo yana siku zake kubwa. Kupandishwa cheo, kumaliza kumsomesha mdogo wake wa mwisho, kuuguza mzazi, kumzika. Hazina kadi isipokuwa ya mwisho. Hata siku yake ya kuzaliwa, kwa desturi ya kule, yeye ndiye anayewalisha wenzake. Sitaki Wafilipino waache ubatizo wao. Ni moja ya mambo mazuri kabisa ambayo jamii imebuni ili kumshika rafiki asipotee. Nataka mwenye ndoa ajue kwamba kumfanya rafiki kuwa kumare kunamleta rafiki nyumbani kwake, na kwamba yeye pia ana njia ya kwenda nyumbani kwa rafiki, nayo ataipata tu akiuliza kunatokea nini huko.

Mwalimu: Nauliza sasa. Vipindi vya mama ni siku gani?

Mpokea Simu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Huwezi za kati ya wiki, unafundisha.

Mwalimu: Jumamosi naweza. Watoto watakaa kwa mama mkwe. Wewe utalala.

Mpokea Simu: Mare, wewe una mitihani ya kusahihisha.

Mwalimu: Masaa manne kwenye kiti cha plastiki, umesema? Nitakuja nayo.

Mpokea Simu: Basi njoo kabla ya saa moja, vitanda vinajaa. Na mlete mwanangu wa ubatizo siku moja. Bibi anamuulizia.